Deni la Soda na Ahadi za Jukwaani

Chama chetu kilipozaliwa kilikuwa na neno moja kililolitumia kwa uangalifu mkubwa, nalo ni neno "ahadi." Mwana-TANU aliyekabidhiwa kadi yake aliahidi kusema kweli, kutotoa wala kupokea rushwa, na kujielimisha ili elimu yake iwafae wenzake. Mwaka 1977 TANU na ASP zilipoungana, CCM ilizirithi ahadi hizo. Msomaji atatambua kwamba katika ahadi zote zile hapana hata moja iliyozungumzia barabara, mkopo wala kufutiwa kodi. Mtoa ahadi alikuwa mwanachama, naye alichoahidi ni mwenendo wake mwenyewe.

Leo neno hilo limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Msimu wa uchaguzi ukifika, ahadi ni bidhaa ambayo mgombea huimwaga jukwaani kama mchuuzi amwagavyo mitumba juu ya turubai, kila mpita njia achague impendezayo. Wako wanaosema kwamba ugonjwa huu uliletwa na vyama vingi vilipoanza kushindana mwaka 1995. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Ni kweli kwamba katika chaguzi za chama kimoja wagombea wawili walipanda jukwaa moja, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenziwe nyumba, mbele ya viongozi wa Chama wenye uwezo wa kuwakatiza. Lakini ulimi wa mwanasiasa haukungoja mwaka 1995 ndipo ujifunze kurefuka. Kilichozidi ni kipaza sauti, na pia fedha.

Nimesukumwa kuyaandika haya na mazungumzo niliyofanya na mama mmoja mwenye duka la rejareja mjini Morogoro. Sitamtaja jina wala mtaa, kwa sababu anaendelea kufanya biashara pale na watakaosoma makala haya ni pamoja na wanaomkagua. Duka lake lina mlango mmoja na kaunta ya mbao. Anauza unga, sukari, mchele, mafuta ya kupikia ya kupima, sabuni, daftari na kalamu, na pembeni ana meza ya wakala wa fedha za simu. Mzigo mkubwa anaufuata Kariakoo. Ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwayo amesomesha watoto wanne.

Nilipomwuliza maoni yake juu ya ahadi za uchaguzi hakunijibu kwa maneno. Aliinama chini ya kaunta akatoa daftari la madeni, akalifungua mahali palipokuwa na kipande cha khanga kuukuu kama alama, akaniwekea kidole. Palikuwa pameandikwa kreti sita za soda na katoni kumi za maji, pamoja na tarehe na neno moja tu: "Mkutano."

"Soma mwanangu," alisema, "wewe si umesoma Chuo Kikuu."

Nikasoma. Vinywaji vile vilichukuliwa asubuhi ya siku ya mkutano wa kampeni uliofanyika hatua mia mbili kutoka dukani. Waliovichukua walivaa sare, wakaahidi kulipa jioni. Jioni hiyohiyo mgombea wao alitangaza kwamba wafanyabiashara wadogo ni uti wa mgongo wa taifa na kwamba akichaguliwa hatakubali wanyanyaswe. Mama alimsikia vizuri akiwa kaunta, na alipiga makofi, kwani maneno yalikuwa mazuri. Sare iliondoka, na kreti tupu zilirudishwa na mtoto wa jirani, lakini fedha haikuletwa.

Msomaji atataka kujua sare ilikuwa ya rangi gani. Nami nilitaka kujua. Mama alicheka akafungua ukurasa mwingine, na mwingine, na palikuwa na mikutano mitatu ya miaka mbalimbali na ya rangi zaidi ya moja. Sisi tumo. Mwandishi wa gazeti la Chama ambaye angeficha jambo hilo angekuwa anavunja mojawapo ya zile ahadi nilizozitaja mwanzoni.

Sasa tutazame ahadi zenyewe. Katika kampeni za mwaka 2015 tuliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji na mtaa, ziwe mtaji wa kukopeshana. Fedha hizo hazikufika kwa namna zilivyoahidiwa. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa ajili ya wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayafikii shilingi milioni 4. Nia ilikuwa njema kabisa: mchuuzi alipe mara moja, asifukuzwe tena na mgambo, asidaiwe ushuru kila kona. Lakini mahali pengi vitambulisho vile viliposhuka ngazi za chini viligeuka kuwa lengo la makusanyo, na mtendaji akapimwa kwa idadi aliyouza wala si kwa amani aliyoileta sokoni. Kisha Oktoba 2021 wachuuzi wale wale wakaondolewa kando ya barabara za miji.

Juu ya jambo hili mama alikuwa na maoni ambayo sikuyatarajia. Mimi nilikuwa tayari kuwahurumia wachuuzi walioondolewa, na ninawahurumia bado. Yeye alinikumbusha kwamba wachuuzi walikuwa wametandika bidhaa mbele ya mlango wake, bidhaa zilezile anazouza yeye, bila kulipa pango wala leseni. Alimsikia mgombea mmoja asubuhi akiwaambia wachuuzi kwamba hakuna atakayewabughudhi, na alasiri ya siku hiyo akiwaambia wenye maduka, katika ukumbi uliofungwa madirisha, kwamba njia za watu zitaachwa wazi. Akaniuliza ni kundi lipi kati ya hayo mawili lililodanganywa. Sikuwa na jibu. Ahadi kwa kabwela mmoja ilikuwa ni mzigo kwa kabwela mwingine, na anayeahidi anajua hivyo wakati anapofungua kinywa chake.

Iko pia mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ni sera ya kujivunia. Hata hivyo mwaka 2023 ilibidi isimamishwe, kwa kuwa vilipatikana vikundi hewa na fedha nyingi hazikurejeshwa, ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mwingine. Mama aliwahi kuingia katika kikundi. Wenzake wawili walitoweka, waliobaki wakalipa. Hataki kikundi tena. Anasema duka ni kama sufuria jikoni, haliwezi kukorogwa na miiko mitano. Matokeo yake mtaji ulipopungua alikwenda kwa wale wakopeshaji ambao wananchi wamewapa jina la "kausha damu," na jina hilo halihitaji maelezo.

Mtu atauliza: basi huyu mama anataka nini? Ati afutiwe kodi? La hasha! Hapa ndipo wagombea wengi wanapompotea. Wanadhani mwenye duka akisikia "tutafuta kodi" moyo wake hulainika. Huyu alilikasirikia neno hilo. Alisema waliofuta kodi ya maendeleo mwaka 2003 walifanya vyema, maana kodi ile ilimfuata mtu kichwani na ilikuwa ikimkamatisha baba wa watu barabarani. Lakini tangu hapo kila mgombea amejifunza kusema "tutafuta," na kila kinachofutwa Juni kinarudi Julai kwa jina jingine. Anachotaka ni kodi inayopimwa kwa haki, itamkwe siku moja, ikae bila kubadilishwa muda wa kutosha kiasi kwamba hata mtu wa darasa la saba aikariri.

Nao upimaji huo, kwa hakika, una walakini. Mfanyabiashara mdogo hutozwa kwa makisio ya mauzo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka asilimia 3.5 ya mauzo kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 11 na milioni 100. Ukiisoma ofisini, asilimia 3.5 ni kama unyoya. Ipeleke dukani. Tuseme duka linauza wastani wa shilingi 55,000 kwa siku, yaani karibu shilingi milioni 20 kwa mwaka. Katika unga na sukari, ambavyo kila duka la mtaa linavyo, huwezi kupandisha bei upendavyo. Tuseme faida ni shilingi 8 kwa kila 100. Hiyo ni shilingi 1,600,000 kwa mwaka mzima. Kodi ya asilimia 3.5 ya mauzo ni shilingi 700,000. Zimebaki 900,000. Pango la shilingi 50,000 kwa mwezi linachukua 600,000, na mwenye nyumba hulitaka la miezi sita kwa mkupuo. Zimebaki 300,000, na bado hatujataja leseni, ushuru wa huduma wa halmashauri ambao nao hutozwa juu ya mauzo, umeme, wala nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi.

Mwalimu mkuu asomaye ukurasa huu ajiulize swali lifuatalo. Fedha ya ruzuku ya shule hupita mikononi mwake kila mwezi. Angekuja mtu akamwambia alipe kodi kwa kila shilingi iliyopita mikononi mwake, ruzuku na mshahara pamoja, angeandika barua kwa chama chake cha wafanyakazi kabla ya jua kuchwa. Naye angekuwa na haki. Lakini sukari inayopita mikononi mwa mwenye duka si yake kama ruzuku isivyokuwa ya mwalimu. Ni ya mwenye duka la jumla, wa kiwanda na wa lori, na yeye anabakiwa na chenji.

Basi hapana ajabu watu wadogo kushusha hesabu zao, au kuuza bila risiti. Sisemi wanafanya vyema. Nilimwuliza mama kama yeye hutoa risiti kila mara, akaniangalia kwa muda, akasema, "Mwanangu, wewe ulipokuja umenunua maji, mbona hukuidai?" Nilinyamaza. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na mpaka leo mimi na wewe tunaidai risiti pale tu tunapotaka kurudishiwa fedha za safari ya kikazi.

Ama ukaguzi, huo ni sura peke yake. Wa leseni huja kwa siku yake, wa afya kwa siku yake, wa zimamoto, wa mizani, wa viwango, wa mapato. Serikali ililiona tatizo hili, na mwaka 2018 ikakubali mpango mzima wa kuboresha mazingira ya biashara. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ikaondolewa kwenye iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ikapelekwa Shirika la Viwango, ili mtu asikaguliwe na wawili kwa kitu kimoja. Hilo ni tendo, wala halikuhitaji jukwaa. Lakini mwenye duka bado hana namna ya kujua kesho ataingia nani. Mama alisema anayemwogopa kuliko wote ni mkaguzi anayekuja bila karatasi, maana mwenye karatasi hudai kilichoandikwa.

Nataka sasa niseme na ndugu zangu watumishi wa umma na walimu, kwa kuwa nanyi mmo katika daftari lile. Nililipekua kwa ruhusa yake. Baada ya kurasa za mikutano zilifuata kurasa za "Mwl." na "Nesi" na "Ofisi ya Kata," mistari mirefu ya unga na sukari na mafuta, ikikatwa kwa kalamu nyekundu kila mwisho wa mwezi. Mwalimu mpya anapopangiwa kituo na mshahara wake wa kwanza ukachelewa, mwenye duka ndiye anayemlisha. Malimbikizo ya mtumishi yakikaa, duka ndilo linalongoja pamoja naye. Duka lile halidai riba wala dhamana, linachoomba ni jina tu. Hatuna budi kukiri kwamba katika nchi hii mwenye kijiduka ameikopesha Serikali kwa miaka mingi kupitia matumbo ya watumishi wake, na hapana hotuba ya bajeti iliyowahi kumshukuru.

Hata hivyo katika vikao vyetu vya ofisini mtu huyu tunamwitaje? Mlanguzi. Mkwepa kodi. Nilipokuwa Mlimani nilimweka katika tabaka la mabwanyenye wadogo, nikaona nimemaliza habari yake. Kasumba hiyo ina historia. Mwaka 1976 katika Operesheni Maduka yalifungwa maduka ya watu binafsi vijijini ili kupisha maduka ya vijiji na ya ushirika. Kabla maduka mapya hayajawa na bidhaa, ya zamani yalikwisha fungwa, na wanakijiji wakatembea mwendo mrefu kutafuta chumvi. Mwaka 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi ilianza kwa haki, kwa kuwa walikuwapo wenye kuficha mali maghalani wakati watu wanapanga foleni, lakini katika msako mchuuzi wa vipande vya sabuni alitetemeka sawasawa na mwenye ghala. Lengo la Azimio la Arusha lilikuwa kuondoa unyonyaji. Sijaona mahali Azimio lilipomhesabu kuwa mnyonyaji mtu anayeamka alfajiri na kulala saa tano usiku ili apate shilingi nane katika mia.

Wako watakaonijibu kwamba mwenye duka naye ana hila zake: hupunguza kipimo, hupandisha bei ya sukari ikiadimika, huuza daftari za shule Januari kwa bei ya kukomoa. Kweli, wako. Wapimiwe mizani na washitakiwe. Lakini hoja hiyo haimwondolei mgombea wajibu wa kutimiza neno lake, wala mtumishi wajibu wa kuja na karatasi.

Tena wenye maduka si mabubu, na waliponyamaziwa walisema kwa kufunga milango. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa, na Waziri Mkuu akalazimika kwenda kuwasikiliza hadharani. Juni 2024 ilifungwa tena, na safari hii mgomo ukafika miji mingine. Wale waliokuwa wakisema ni wachochezi wachache hawakueleza ni kwa nini mwenye duka la mkoani, asiyejua hata sura ya mchochezi wa Dar es Salaam, naye alishusha mlango.

Kisha ukaja Oktoba 2025. Uchaguzi ule ulifuatiwa na ghasia. Watu walikufa, intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Yote hayo ni mazito kuliko habari ya duka, wala sitayapima kwa mizani ya sukari. Ila nilipomwuliza mama siku zile zilikuwaje kwake, alisema tu kwamba mzigo haukuja, meza ya fedha za simu ilikaa kama kaburi, na watu walikuja na noti za mwisho walizonazo wakinunua unga robo robo. Hakuwauzia kwa bei ya juu. Waliokosa aliwaandika daftarini. Nilipoondoka, baadhi ya mistari hiyo ilikuwa bado haijakatwa, naye alisema hatawadai, wakipata watalipa.

Viongozi wetu wa mitaa na kata, ambao ndio wenye kuwapokea wagombea na kuwatafutia viti na maji, wanaweza kuanza na jambo dogo. Kila ofisi ya tawi iandike madeni yote ya kampeni yaliyoachwa katika maduka ya eneo lake, iyabandike ukutani pamoja na majina ya waliochukua, na kikao cha tawi kisiendelee na ajenda nyingine mpaka yamelipwa. Halmashauri kwa upande wake itoe karatasi moja, katika Kiswahili, yenye tarehe za ukaguzi wa mwaka mzima na jina la kila anayeruhusiwa kuingia dukani, na mwenye duka aruhusiwe kumrudisha mlangoni asiyekuwamo. Na sisi wenye mishahara tukate mistari yetu ya kalamu nyekundu tarehe ile ile mshahara unapoingia, si baada ya kupitia kwingine.

Kreti sita za soda na katoni kumi za maji, kwa bei iliyoandikwa siku ile, ni shilingi 142,000. Duka linafunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.